Feni ya Kompyuta na Jani la Isale

Habari za kifo chake nilizipata Bomang'ombe, nikisubiri basi la kurudi Moshi. Mdogo wake alinipigia simu, akasema kaka amepumzika alfajiri. Kitu cha kwanza kunijia hakikuwa sura ya marehemu, bali mvumo wa feni ndogo ya kompyuta, ukipanda na kushuka taratibu. Mtanisamehe, wasomaji wangu. Kila mtu ana namna yake ya kulia.

Marehemu alikuwa fundi wa kompyuta mjini Moshi, miaka ile mitumba ilipoacha kuwa nguo peke yake, kompyuta nazo zikaanza kushuka kwenye makontena, na kila mwenye bisibisi akajiita fundi. Nami nilinunua moja, nikaipandisha Kirua Vunjo kwa mama ili nirekodi masimulizi yake kabla sauti haijamwisha, maana kifua kilishaanza kumsumbua. Lakini feni ilinguruma mno; kwenye rekodi uliisikia mashine kuliko mama. Nikamwomba fundi aitulize. Hakugusa hata skrubu. Aliingia kwenye draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuviamrisha vifaa vyake, akaiamuru feni izunguke polepole siku zote. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi migombani, sote tumejitanda mablanketi. Nani angefikiria joto? Feni ikatulia. Mama akasimulia wiki hadi wiki, maji ya mfereji yakipita nje, nami nikisikiliza kama niliye ndotoni.

Februari, joto limepanda, kompyuta ikazimika katikati ya hadithi, haikuwaka tena. Mama, kwa kuihurumia isipate vumbi, alikuwa ameifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama alivyofunika redio na makochi, na hata tukirekodi hakukiondoa. Nilimpigia fundi simu nikamtolea maneno ambayo hadi leo nayaonea aibu. Angeweza kukisingizia kitambaa, na mafundi wengi wa siku zile wangefanya hivyo. Yeye alipanda hadi kwetu ameshika jani la isale, ambalo Uchaggani ukiletewa na aliyekukosea huwezi kumnyima msamaha.

"Shikamoo mama," alisema. "Mashine yenu nimeiharibu mimi."

Mama alilipokea jani, akamwambia ni kitambaa chake ndicho chenye kosa.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeizuia feni isifuate joto."

Diski, kwa bahati, ilikuwa nzima. Aliihamishia kwenye mashine nyingine, sauti ya mama ikarudi, na safari hii akaipanga draiva isome joto la ndani kwanza, ndipo iipe feni mwendo. Soko huria lilitufundisha kuuza karibu kila kitu, lakini mtu wa kurudi mlangoni kwa mteja na kusema nimekosea hakuja kwenye kontena lolote. Kwangu mimi huo ndio ufundi, na nilifundishwa na yeye.

Jioni hii nimefungua rekodi moja ya baada ya siku ile. Mama anasimulia, feni inapanda, anakatiza. Kisha anasikika fundi, aliyekuwa amekuja kukagua kazi yake: "Tuiache ipoe, mama. Hatuna haraka." Ile kelele niliyotaka iondolewe ndiyo wanayoingoja ishuke, nami nikiingoja pamoja nao, na ikishuka, mama anaendelea.