Tumbo Ambalo Halikuwa Mimba

Wapendwa, naitwa Nafula, wa Burumba. Wengi wenu mnanijua kwa vitenge. Asubuhi nilikuwa navuka mpaka, nanunua upande wa Uganda, na saa tano niko sokoni Busia nauza. Nilikuwa na nguvu, ila tangu utoto pua ilinitoka damu na mifupa ya mapaja iliniuma. Nilidhani kila mtu huumwa hivyo.

Nilipofika miaka thelathini na moja, tumbo lilianza kuvimba upande wa kushoto, gumu kama jiwe. Matonge mawili ya ugali, nimeshiba. Sina mume, kwa hiyo maneno yakaanza. Miezi tisa ikapita, ikawa kumi na miwili, mtoto hakuja. Siku moja mpakani askari mwanamke akanisimamisha.

"Mama, umefunga nini kwa tumbo?"

"Ni ugonjwa, afande."

"Kila mtu husema hivyo."

Akanipeleka kando, nikainua blauzi. Alipogusa tumbo, akarudisha mkono haraka. "Pole, dada." Tangu hapo sikuvuka tena.

Nilitibiwa malaria mara sijui ngapi. Wengine walisema nimerogwa. Kisha nyonga ikashika moto. Nililala chali wiki mbili, nakojolea beseni. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Nilijua kila ufa wa ukuta ule.

Mama alitoka Budalang'i kuja kuniuguza. Siku moja akiniosha, aliweka kitambaa kando, akasema, "Wandera alikuwa na tumbo kama hii." Wandera ni kaka yangu aliyefariki akiwa na miaka sita. Miaka mingi mama hakuwa amemtaja.

Neno hilo tulilipeleka kwa daktari wa damu, Eldoret. Alinipiga picha ya bandama, akanidunga kidole, akadondosha damu kwenye kadi. Ilipokauka, ikatumwa ng'ambo. Tulingoja wiki saba.

"Mwili wako unakosa kitu cha kuvunja aina moja ya mafuta," alieleza. "Yanajaa kwa bandama, kwa ini, kwa mifupa. Tumeyapima kwa damu yako, yako juu sana. Ni ugonjwa wa kurithi."

"Lakini mimi ni mwembamba, daktari."

"Si mafuta ya chakula. Mwili wenyewe ndio unayatengeneza."

Mama akauliza polepole, "Ni mimi nilimpa?"

"Wewe na baba yake, bila kujua. Kila mmoja wenu amebeba nusu tu, kwa hiyo nyinyi wenyewe hamuugui."

Dawa napata kwa msaada, kwa dripu, kila wiki mbili. Siwezi kuhamia mbali, siwezi kuruka hata moja. Sitawadanganya: sijapona, na ziko siku naona mlango umefungwa. Lakini kila baada ya miezi kadhaa wanapima yale mafuta, na yanashuka. Bandama imepungua. Namaliza sahani.

Namshukuru Mungu, na mama, na wale wanaonitumia dawa bila kunijua. Mtoto wako akiwa na tumbo gumu lisiloisha, usimalize miaka kwa dawa za malaria. Mwambie daktari ni nani katika ukoo aliugua hivyo, hata kama kumtaja kunauma.

Mdogo wangu Taaka alikataa kupimwa mwaka mzima. Alisema afadhali asijue. Jumatatu iliyopita alikuja na begi, akaketi kando yangu kwenye gari la Eldoret, akanipa mkono. Ulikuwa baridi. Nilishika mkono huo hadi nesi aliponiomba niuachie, apate kidole cha kudunga.