Mtani Alipoanguka Uani kwa Mama

Nyumba yangu ya Newala unaiona kabla hujafika stendi. Bati lake ni la maruni, madirisha ni ya alumini, na chini ya uwanja kuna kisima cha kuvunia maji ya mvua ambacho nilikisakafia mwenyewe. Mgeni hawezi kujua thamani ya kisima hicho. Kwetu huku juu maji ni kitu cha kufuatwa, na mtu anayefungua bomba uani mwake wakati wa kiangazi ni mtu wa kutazamwa mara mbili. Mimi natazamwa, na sioni sababu ya kuona haya.

Nilizaliwa Makote kwa wakulima wa korosho. Leo nina diploma ya umeme, nina duka Newala na jingine Masasi, na ukipita Masasi jioni taa zikiwaka, nyingi kati ya hizo waya zake zimepita mkononi mwangu. Nilikaa Dar es Salaam miaka mingi, nikarudi na vifaa vyangu na gari langu, sikurudi na begi la kuazima kama wengine. Watu husema nimejijenga mwenyewe. Ni kweli, isipokuwa jambo moja ambalo huwa nalisema popote ninaposifiwa: ada yangu ya sekondari ilitokana na ming'oko niliyoiuza stendi ya Masasi, na ming'oko ile aliichimba dada yangu. Aliingia porini na jembe, akachimba ile mizizi, akaichemsha, akanipangia kwenye beseni. Mimi nilipiga kelele tu.

Dada alikuwa na kifafa.

Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu nyumbani halikutamkwa. Tulisema "ile hali". Ile hali ilimwanza akiwa msichana, muda mfupi baada ya kutoka unyagoni, na hapo hapo wakatokea wa kusema kwamba kuna mwiko aliuvunja. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake. Akianguka, watu walisogea nyuma, maana kwetu iliaminika kwamba povu la mgonjwa likikugusa, na wewe umekwisha. Aliyekuwa akimshika ni Mama peke yake.

Dawa alitumia. Zilimsaidia kwa kipindi, kisha zikawa kama hazimtambui. Siku moja nilimpeleka kwa daktari, nikauliza nilivyozoea kuuliza kazini: hitilafu iko wapi, na ilianzia wapi? Daktari alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Kwa dada yako, hatujui." Mimi ni fundi. Nyumba ikizimika sirudi kwa mwenye nyumba na neno kama hilo. Lakini nilimheshimu kwa kulisema, na sijalisahau mpaka leo.

Alifia kwenye chemchemi, bondeni, alikokwenda kuteka maji na wanawake wenzake. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Alianguka kifudifudi pale maji yanapotuama, maji yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu. Wenzake walisogea nyuma, kisha wakakimbia kupanda mlima kwenda kumwita Mama, kwa kuwa Mama ndiye aliyekuwa akimgusa. Mama aliteremka mbio na umri wake ule. Alimkuta vilevile alivyoanguka.

Wale wanawake hawakuwa wabaya. Walikimbia kwa nguvu zao zote. Mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alifika kwa Mama miguu inatoka damu.

Kwenye msiba walikuja watani wetu kutoka Kitangari, kama desturi ilivyo. Kwetu mtani ana haki zake msibani. Anamwigiza marehemu, anawatukana wafiwa, anadai malipo yake, na hakuna wa kumkasirikia. Kiongozi wao ni bibi mmoja mnene, mcheshi, ambaye nimemjua tangu utoto kwa jina la Mtani tu. Siku ile alifunga khanga kama dada, akatembea kama dada, akakoroma kama dada alivyokuwa akikoroma mchana kweupe. Watu walicheka huku wanalia. Ila kuanguka hakukuigiza. Dada aliigizwa mzima, isipokuwa pale pa kuanguka. Nililiona hilo, na Mama aliliona.

Niliporudi kuishi Newala, jambo la kwanza nililojenga kwa Mama kule Makote ni kisima kama changu. La pili lilikuwa changizo. Nilikuwa nimepata habari za watafiti wa chuo kimoja wanaochunguza kifafa vijijini: kinaanzia wapi, na kwa nini dawa zinawakataa wengine. Niliwatafuta, nikazungumza nao kama mtu mwenye elimu anavyozungumza na wenye elimu, nikaridhika. Nikapanga kwamba msimu wa korosho, siku ya kumsomea dada hitima, baada ya chakula tuchangishe. Atakayekuwa na fedha alete fedha, atakayekuwa na korosho alete korosho tuzipime. Nilinunua mizani mpya kwa ajili hiyo, maana uani kwetu sitaki mtu aseme ameibiwa kilo.

Nikampelekea Mama mpango wangu. Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Nikamweleza. Akaendelea kubangua.

"Utawaambia utafiti wa nini?"

"Wa kifafa, Mama."

Kisu kikasimama. "Humu ndani kuna binti," akasema. "Una habari?"

Nilikuwa nayo. Dada aliacha mtoto mmoja wa kike, ambaye Mama ndiye aliyemlea. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwali mzuri, na posa ilikuwa imeletwa kutoka Masasi, familia ya watu wa heshima, wakulima wenye mikorosho mingi. Walikuwa wanasubiri kupangiwa siku ya mahari.

"Wao wanajua mama yake alikufa maji," Mama akasema. "Ni kweli, alikufa maji. Wewe ukisimama na kipaza sauti chako ukaitaja ile hali, kesho yake mshenga hayupo. Na mjukuu wangu ataitwa mtoto wa nani?"

"Mama, watu hawatoi mali yao kwa jambo lisilo na jina."

"Waambie ni maradhi."

"Maradhi gani?"

"Maradhi. Yako mengi."

Nilikubali, maana ni mama yangu na uani ni kwake. Lakini nilijua tunakwenda kuchangisha gizani.

Siku ikafika. Hitima ikasomwa, watu wakala pilau. Washenga kutoka Masasi walikuwepo, wamekalishwa mkekani mahali pazuri. Nilisimama nimevaa suti, na nasema bila kujisifu kupita kiasi kwamba uani pale hapajawahi kusikika hotuba kama ile. Nilieleza utafiti ni nini. Nilieleza faida yake. Walipiga makofi. Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Sasa huo utafiti ni wa nini?"

"Ni wa maradhi, mzee."

"Maradhi yana majina. Au mnataka damu zetu?"

Minong'ono ikaanza. Magunia yalikuwa yamelala pembeni, yamefungwa, na wenyewe wamekaa karibu nayo kama wanaotaka kuondoka nayo. Hapo Mtani akadakia kutoka upande wa wanawake.

"Mwacheni Bwana Diploma! Amesoma mpaka amesahau dada yake aliumwa nini!"

Kicheko kikapita. Mimi sikucheka. Nilimtazama Mama. Alikuwa amekaa karibu na jiko, na mjukuu wake nyuma yake. Akamtazama Mtani muda mrefu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Mtani," Mama akasema. "Msibani ulimwigiza mwanangu."

"Nilimwigiza, na hamkunilipa vizuri."

"Uliacha kitu."

Mtani akaacha mzaha. Sijawahi kumwona ameuacha, kabla wala baada.

"Niliacha," akasema.

"Kimalizie leo."

Nilisogea nikamwinamia Mama sikioni, nikamwambia washenga wapo, wanasikia. Akanijibu kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia: "Nawaona. Mwanangu alikufa watu wamemsimamia kwa mbali. Sitaki akumbukwe kwa mbali vilevile."

Mtani akainuka. Akachota togwa kwenye kikombe, akaliweka kinywani asilimeze. Akatembea uani kwa ule mwendo wa dada, kama ana ndoo kichwani. Katikati ya uwanja akasimama, macho yakapinduka, akaenda chini. Mwili ule mkubwa ulitikisika vumbini, togwa likamtoka mdomoni jeupe kama povu. Alikuwa anaigiza, kila mtu alijua anaigiza, na hata hivyo watu walirudi nyuma. Duara lilipanuka mbele ya macho yangu. Nikaelewa siku ile kule chemchemi ilikuwaje.

Mama akaenda. Hakukimbia. Alisukuma jiwe lililokuwa karibu na kichwa cha Mtani, akavua khanga yake ya juu, akaikunja akamwekea kichwani. Akamgeuza ubavu. Akampangusa mdomo kwa kiganja chake kitupu.

"Hivi," akasema. "Usimtie kijiko mdomoni. Usimkandamize. Mgeuze ubavu apumue, kaa naye mpaka arudi. Basi, ni hivi tu. Mwanangu alikuwa na kifafa. Mimi nilimshika tangu usichana wake mpaka anakufa, na mikono yangu ni hii."

Aliinyoosha, myeusi kwa utomvu wa korosho.

Ndipo Mtani, akiwa bado amelala ubavu, macho amefumba, akaanza kazi yake.

"Nani mwingine anakuja kunigeuza? Nimelala vibaya, mbavu zinauma! Aliyenigusa alipe. Asiyenigusa alipe mara mbili!"

"Mtani, una uzito wa gunia!" mmoja akapaza sauti.

"Gunia la daraja la kwanza! Njoo unipime kwenye mizani ya Bwana Diploma!"

Alianza shangazi yangu. Akamgeuza, akampangusa mdomo huku watu wanacheka, akaenda kufungua gunia lake. Wakafuata wengine, wanawake kwanza, kisha vijana, kisha yule mzee wa damu, ambaye alimgusa Mtani kwa ncha ya bakora akaambiwa bakora haihesabiki. Akainama, akamshika bega kwa mkono. Mizani yangu ilifanya kazi mpaka jua likaanguka. Korosho zile niliziuza mnadani, nikapeleka fedha kwa watafiti mimi mwenyewe, kwa jina la dada yangu, na nikataka jina hilo liandikwe lote, la kwake na la baba yetu.

Jirani yetu, yule aliyefika kwa Mama miguu inatoka damu, hakumgusa Mtani. Alikaa mahali pake hadi mwisho, kisha akaondoka na gunia lake limefungwa. Mtani alimwona akipita, na hakumdai.

Washenga walikula, walishukuru, waliaga kwa adabu zote. Baada ya muda wakatuma ujumbe kwamba kijana amepata safari ndefu, mambo ya posa yasubiri. Hatukuuliza safari ya wapi. Mama alikaa siku hiyo bila kula. Kuna waliodhani atanilaumu, na binti pia walidhani atanilaumu. Sikulaumiwa, na wala sitajilaumu hapa ili nionekane mnyenyekevu. Binti alipoambiwa, aliuliza swali moja tu.

"Mjomba, wale watu walinyanyuka mkekani wakati ule?"

"Hapana. Walikaa."

"Walimgusa Mtani?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akarudi kubangua korosho na bibi yake.

Msimu uliofuata tulikusanyika tena. Safari hii niliita watu wa Makote na Kitangari kwa gari la matangazo, na neno kifafa lilipita vijijini kwa kipaza sauti, kwa sauti yangu mwenyewe. Mtani alikuja akiegemea fimbo.

"Sianguki mwaka huu," akatangaza. "Magoti yamegoma. Tafuteni mjinga mwingine."

Kabla sijajua la kufanya, binti wa dada yangu alikuwa ameshapita mbele. Alikuwa amejifunga khanga za mama yake. Sura ni ileile, mabega ni yaleyale. Hakutia togwa mdomoni, hakumwambia mtu. Alitembea mpaka katikati ya uwanja na mkono mmoja juu, kama aliyeshika ndoo, akaanguka kifudifudi.

Mama alishtuka akainuka, lakini mwili wake wa sasa si ule ulioteremka mlima. Alikuwa bado anashika ukuta, anatafuta pa kukanyaga, nilipomwona mtu akikata uwanja mbio, ndala zimemtoka. Ni jirani yetu. Alipiga magoti vumbini, akamshika binti mabega kwa mikono yote miwili, akamgeuza ubavu. Khanga hakukumbuka kuikunja. Kichwa cha binti alikilaza kwenye mapaja yake, akampangusa mdomo ambao haukuwa na kitu, akampangusa tena, na tena, huku analia kwa sauti.

Mtani hakumdai malipo. Mama alimfikia polepole, akakaa chini kando yake, na wale wanawake wawili wakamshika mtoto wa dada yangu mpaka akafumbua macho.