Tamthilia iliyoigawa Kawajense, na Bibi yangu aliyekuwa haioni

Wakuu, salaam. Wa Mpanda mnipishe siti ya mbele.

Leo nimecheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nimekumbuka kisa cha miaka ya tisini, nikasema hiki nisipokiweka hapa nitakuwa mchoyo. Ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, umeme wangu wa LUKU uishe kabla sijabonyeza post.

Twende.

Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Katavi kwetu lilikuwa jina la mbuga tu. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nina kama miaka ishirini, nakaa mtaa wa Kawajense, hapo Mpanda, kwa Bibi yangu mzaa baba, Bibi Skola. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumshika mkono, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi.

Pale nyumbani tuliishi na watu wawili ambao ndio chanzo cha uzi huu.

Wa kwanza ni baba mdogo Fulgensi, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa katekista. Mtu mpole, ila ukimgusa kwenye dini ataongea mpaka ugali upoe.

Wa pili ni Dokta Masanja, Msukuma, mpangaji wa chumba cha uani. Hakuwa daktari hasa, alikuwa tabibu wa zahanati, lakini uswahilini ukishika sindano tu wewe ni dokta. Yeye alikuwa anachemsha hadi maji ya kunawia uso.

Hawa wawili walikuwa marafiki, wakila sahani moja. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ni macho ya Bibi.

Madaktari wa macho walikuwa wanapita hospitalini mara chache sana. Masanja alitaka Bibi apasuliwe wakija. Ba' mdogo akawa anasema Mungu aliyeumba jicho hahitaji wembe, tuzidishe sala za novena. Bibi akawa anasema nitafikiria. Miaka ikaenda hivyo.

Sasa ikaja tamthilia.

Mzee Shabani, mwenye duka la vitenge na khanga, alikuwa na TV, deki ya video na jenereta. Shemeji yake wa Dar alikuwa anamrekodia tamthilia moja ya wazungu kutoka kwenye TV, anamtumia kanda kwa treni kupitia Tabora. Mzee anatuonyesha nyuma ya duka, tumekaa kwenye magunia na mabenchi.

Story yenyewe: mchungaji mmoja ana binti anaumwa moyo. Ndugu yake mchungaji, toka nitoke, ni daktari. Daktari anataka kumpasua mtoto. Mchungaji anasema imani itamponya. Wanagombana kanda nzima, mtoto anakohoa.

Ukiona hapo, wakuu, nani mwenzangu asingenogewa? Ilikuwa nyumba yetu ile ile, tofauti ni rangi za watu tu.

Tatizo lilikuwa Kiingereza tupu. Mimi na form four yangu nilikuwa nashika "please" na "hospital". Mtaani wenye Kiingereza cha kueleweka walikuwa wawili, na mnawajua tayari.

Mzee Shabani, mfanyabiashara mwenye akili, akawapa zamu. Jumamosi anatafsiri Katekista. Jumapili mchana kanda ile ile anatafsiri Dokta.

Basi ikawa kichekesho.

Jumamosi mchungaji akifungua mdomo, ba' mdogo anatoa mahubiri yenye utangulizi na hitimisho. Daktari akiongea dakika nzima, ba' mdogo anasema, "Hapa anabisha tu."

Jumapili kibao kinageuka. Daktari akisema neno moja, Masanja anatueleza mshipa unavyotoka moyoni, unavyoziba, na umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa. Mchungaji akilia machozi, Masanja anasema, "Anakiri hana jibu."

Wanaume wa mnadani walikuwa wanabishana mpaka ng'ombe wanasahaulika. Ukienda kusaga mahindi unaulizwa kwanza upo upande gani. Kuna mama alitoka Kasokola na baiskeli kila Jumamosi kuja kumshangilia mchungaji, na mumewe anakuja Jumapili kumshangilia daktari. Sijui nyumbani walikuwa wanaongea nini.

Bibi Skola alihudhuria zote mbili. Haoni picha, anasikiliza mtafsiri. Kwake ile tamthilia ilikuwa sauti ya mwanae Jumamosi na sauti ya mpangaji wake Jumapili. Tukirudi nyumbani ananiuliza, "Mjukuu wangu, hivi ni kanda moja kweli?" Namwambia ni moja, Bibi. Anaguna.

Ikatangazwa madaktari wa macho wanakuja Jumatatu fulani. Masanja akaanza, ba' mdogo akajibu, sufuria ikabaki katikati haina mwenye kuigusa. Bibi akawakatisha.

"Kanda ya mwisho inakuja lini?"

Wakamwambia treni ya wiki hii.

"Basi nitawajibu nikishaisikia."

Mnaelewa uzito wake? Macho ya Bibi yangu sasa yalikuwa yanategemea kanda iliyo njiani kwenye behewa, kipindi cha mvua. Treni ikichelewa, madaktari wanaondoka, na wakirudi hatujui Bibi atakuwa hai au la. Mimi nilikuwa natania na wenzangu mchana, lakini moyoni nilikuwa naogopa sana.

Treni ikafika Jumamosi asubuhi.

Mchana ule nyuma ya duka hapakuwa na pa kutia mguu. Watafsiri wote wawili walidai zamu, Mzee Shabani akawaweka wote, mmoja kila upande wa TV. Kosa kubwa.

"Mchungaji anasema Mungu hashindwi."

"Uongo, anasema mapigo yanashuka."

"Wewe, ulisomea wapi hiki Kiingereza?"

"Nilikosomea sindano."

Watu hoi. Mzee mmoja alicheka akaanguka na gunia lake.

Halafu likaja tukio la mwisho, kukawa kimya. Mule ndani ya TV hakuna aliyekuwa anaongea. Watafsiri nao wakanyamaza, maana hapakuwa na cha kutafsiri.

Bibi akauliza, "Mbona mmenyamaza?"

Ba' mdogo akasema, "Hawaongei kitu, mama."

"Basi niambieni mnachokiona."

Wakuu, kwa miezi yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Bibi kinachoonekana. Hata mimi niliyemshika mkono.

Ba' mdogo akasema taratibu, "Mchungaji amepiga magoti mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Anasali."

Masanja akasema, "Daktari yuko ndani. Ananawa mikono. Sasa anamwangalia ndugu yake kwenye kioo cha mlango."

"Kakasirika?"

"Hapana, Bibi. Kamwitikia kwa kichwa."

"Na mchungaji?"

Ba' mdogo akasema, "Naye kaitikia, mama."

Na hapo hapo TV ikawa chenga. Kanda imeisha. Shemeji wa Dar hakupiga hesabu ya urefu wa kanda.

Msiniulize vurugu iliyotokea. Jenereta ilitukanwa, deki ilipigwa kofi, Mzee Shabani aliapa shemeji yake hatakanyaga kwake. Katikati ya makelele Bibi akanivuta mkono, akasema, "Jumatatu nipelekeni."

Ba' mdogo akamwambia, "Lakini mama, hatujajua kama mtoto alipona."

"Sikuwa nasubiri apone. Nilikuwa nasubiri waache kugombana. Kisu nakiogopa, Fulgensi, ila nikikuacha umenuna nitakuwa nimekwenda kipofu zaidi."

Ba' mdogo aliinamisha kichwa, akalia mbele za watu. Mimi pia nililia, na mama wa Kasokola naye.

Jumatatu Masanja akaingia na Bibi mpaka chumba cha upasuaji. Ba' mdogo akapiga magoti mlangoni na rozari, kama alivyoona kwenye TV, akakaa hapo mpaka nesi akamwambia, "Katekista, sogea kidogo, kitanda kipite." Akasogea kwa magoti.

Bandeji zilipotolewa Bibi akapewa miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Wa kwanza kutazamwa na Bibi alikuwa ba' mdogo. Bibi akasema, "Umezeeka, baba." Tulicheka mpaka wagonjwa wengine wakaamka.

Sasa mwisho wenyewe.

Alipopona vizuri aliomba tumpeleke kwa Mzee Shabani, aanze na kanda ya kwanza, safari hii aone. Watu wakajaa tena. Watafsiri wote wawili wapo, wametulia, wanapokezana kistaarabu.

Mchungaji akatokea kwenye TV. Bibi akainuka, akasogea karibu kabisa na kioo, akageuka.

"Huyu ndiye mchungaji? Yule anayesema dawa za binadamu hazina kazi?"

"Ndiye, mama."

"Mbona amevaa miwani?"

Wakuu, tukageuka wote kwenye TV. Miezi yote ile tumebishana, tumegawana mtaa, na yule baba alikuwa na miwani usoni toka kanda ya kwanza. Sote tulikuwa na macho mazima.

Bibi akagusa miwani yake, akarudi kukaa. "Kumbe na yeye alipita nilikopita mimi. Endeleeni kutafsiri."

Ba' mdogo ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka akakaa chini.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisoma mwenyewe misale yake ya kanisani. Kanda ya mwisho iliyokamilika haijafika Mpanda mpaka leo, na yule mtoto wa moyo sijui aliishia wapi.

Nilichojifunza: ukibishana sana na mtu, mtazame kwanza usoni. Huenda kavaa jibu lake.

Haya, nimemaliza, maharage yangu yanaungua. Mtaani kwenu nani alikuwa anawatafsiria video, na alikuwa upande gani? Mwagikeni hapo chini. Na kama kuna aliyeona mwisho wa tamthilia ile, aje taratibu, maana ba' mdogo bado yupo hai na bado anauliza.