Pima Likiwa na Mzigo

Nakumbuka Ijumaa moja kule Kwamsisi, mwanangu, nilipovaa kanzu nyeupe huku kucha zimejaa grisi, nikajiona mimi ndiye fundi peke yangu kati ya Korogwe na Handeni. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Leo nimevuka sitini, mgongo haunikubalii tena kuingia chini ya gari, lakini kichwa kipo. Jana uliponipigia simu kunieleza kwamba umepata gia boksi ya otomatiki na unataka kuifunga kwenye lori la mjomba wako, nilicheka mpaka mama yako mdogo akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sikukucheka wewe. Nilimcheka yule kijana wa kanzu nyeupe. Basi sikiliza, na usinikatize, maana mimi nikikatizwa naanza upya.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kwamsisi akiitwa Mzee Mhina, mkulima wa mahindi na machungwa. Alikuwa na lori dogo, kuukuu, rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Lori hilo ndilo lililokuwa likitoa mazao ya kijiji kuyaleta Korogwe, na miaka yote aliliendesha mwenyewe. Halafu gogo likamwangukia goti la kushoto. Akapona, akawa anatembea kwa mkongojo, lakini klachi hakuiweza tena. Na gari la gia za mkono bila mguu wa kushoto, unajua mwenyewe, hutoki hata uani.

Akaajiri madereva. Wa kwanza aliimaliza klachi kwa miezi miwili. Wa pili alisaga gia hadi mbuzi wakawa wanakimbia wakimsikia. Wa tatu sitaki hata kumtaja, aliondoka na jeki. Wanawe wakachoka. Mkubwa wao, Bakari, akamwambia baba yake lori liuzwe, yaishe. Mzee akawaomba nafasi moja tu. Akasema, nikilitoa Kwamsisi na mzigo mpaka Korogwe kwa mikono yangu, lori linabaki. Nikishindwa, liuzeni, sitafungua mdomo.

Ndipo akaja gereji kwangu, Manundu, hapa Korogwe. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti.

"Fundi," akaniambia, "nasikia kuna magari yanabadili gia yenyewe."

"Yapo, mzee."

"Langu laweza kufanywa hivyo?"

Mwanangu, kazi hiyo sikuwahi kuifanya hata mara moja. Nikamjibu, "Mzee wangu, hiyo kwangu ni kama kunywa chai."

Haukuwa uongo mtupu. Gia boksi niliipata, ya lori la aina ile ile lililopinduka huko Tanga, mashine ikasalimika na gia yake. Nikalipandisha lori la mzee juu ya magogo, magurudumu yananing'inia, nikashusha gia ya zamani na klachi yake, nikafunga mpya. Pedeli ya klachi niliing'oa kabisa nikaitupa, nikaona raha kama mtu aliyeng'oa jino bovu. Ikabaki shafti, ule mtaimbo mnene unaozunguka na kupeleka nguvu nyuma. Gia boksi ya otomatiki ni ndefu kuliko ile ya mkono, kwa hiyo shafti lazima ikatwe, ifupishwe, ichomelewe tena.

Siku hiyo akapita Fundi Hoza. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi miaka sita, Mshambaa wa Bungu, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Aliinama, akachungulia chini ya lori, akainuka.

"Asumani, shafti usiipime gari likiwa hivi. Lishushe chini, lipakie mzigo wake, springi zilale, ndipo upime."

"Sawa, mwalimu," nikasema. Akaenda zake.

Sasa nikwambie ujinga wangu ulikotoka. Mzee Mhina alikwisha tangaza dua. Kwetu gari haliingii kazini kimyakimya, lazima lisomewe, na yeye alishaita watu: Ijumaa, baada ya swala, pilau, ubani, hata wafugaji wa kule mbugani waliahidi kuleta mbuzi. Na hapo tulikuwa Jumatano. Kulipakia lori kulitaka nitafute magunia thelathini Korogwe, niyabebe, niyashushe, nipoteze siku nzima. Nikajisemea, mzee Hoza amezeeka, anaogopa vivuli. Nikapima magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Nikakata kipande cha urefu wa vidole viwili, nikachomelea, nikapaka rangi.

Alhamisi nikalijaribu, tupu, mpaka Mnyuzi na kurudi. Lilikwenda hilo! Pale linapovuka reli hata halikushtuka. Nilikula machungwa mawili Mnyuzi, nikarudi kiwiko kikiwa nje ya dirisha, nasalimia mpaka watu nisiowajua.

Ijumaa nikalifikisha Kwamsisi, ikasomwa dua, tukaitikia amina, vijana wakapakia magunia ya mahindi thelathini. Mzee Mhina akavaa kofia mpya. Akampa mkewe mkongojo, akapanda, akaweka D, gia ya kwenda mbele. Lori likaondoka taratibu, na wanawake wakapiga vigelegele. Niliuona uso wake dirishani. Mzee mzima, mwanangu, alikuwa anacheka kama mtoto aliyevalishwa nguo za Idi. Na mimi nikacheka naye, nilifurahi kwelikweli.

Hatua mia hazikufika. Pale mwisho wa nyumba kuna korongo dogo, lori likashuka, likapanda, mzigo ukalala nyuma, tukasikia kah! Likasimama. Oili ya gia, ile nyekundu, ikamwagika chini bwaa. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba limechinjwa.

Nikaingia chini na kanzu yangu. Sikuhitaji hata tochi. Springi zimelala kwa mzigo, ekseli imepanda, shafti imekosa pa kusogea. Ilikuwa ndefu kwa vidole viwili vingine, ikaisukuma gia boksi kwa nyuma mpaka ganda la mkiani likapasuka. Nililiona kosa langu wazi, uso kwa uso.

Nikatoka. Kijiji kizima kinanitazama. Bakari akauliza, "Fundi, vipi?"

Hapa, mwanangu, ndipo ninapoona haya mpaka leo. Nikafuta mikono nikasema, "Mzee amekanyaga mafuta kwa nguvu. Mguu haujazoea."

Mzee Mhina aliniangalia, akaangalia mguu wake wa kulia. "Pengine," akasema. Basi, hilo tu. Akaomba mkongojo wake, akaenda ndani, na pilau lake hakuligusa. Bakari akawageukia ndugu zake, "Si tulisema?" Na pale pale wakakubaliana mnunuzi aje Jumamosi ya wiki inayofuata.

Mimi nikapanda basi nikarudi Korogwe. Chakula kilinishinda siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa Fundi Hoza, nikamkuta anakula bada, ule ugali wa muhogo, na mchicha. Hakunikaribisha, alijua. Nikamweleza yote, na lile la mguu pia, maana kama ningelificha sijui ningekwenda kulisema wapi. Akaanza kwa Kishambaa, hilo sikutafsirii. Alipotulia akasema kwa Kiswahili:

"Shafti umeikata vibaya, hilo ni kosa la fundi, tutaikata tena. Lakini mguu mzima wa mzee wa watu umeukata kwa mdomo. Huo utauchomelea na nini?"

Nikalia. Ndiyo, nililia, mtu mzima wa gereji yake. Akaniacha nilie, akamaliza bada lake, akanawa. Halafu akaniambia nirudi Kwamsisi Ijumaa inayofuata, niwaambie wale wale walionisikia, na si mzee peke yake chumbani.

Nikaenda. Baada ya swala, watu wakivaa viatu, nikasimama barazani pa msikiti. Nikasema, "Jamani, lile lori halikuvunjwa na mguu wa Mzee Mhina. Nililivunja mimi. Niliambiwa nipime likiwa na mzigo, nikapima likiwa juu ya magogo, halafu nikamsingizia yeye."

Bakari alinijia ngumi imekunjwa, na angenipiga ningenyamaza. Mzee Mhina akainua mkongojo akamzuia. Hakuniangalia mimi kwanza. Alikuwa anauangalia mguu wake wa kulia, ule wa mafuta na breki, anaukunja na kuunyoosha.

"Kumbe mguu wangu mzima," akasema. Kisha ndipo akaniuliza, "Utalitengeneza?"

"Nitalitengeneza, mzee."

"Mnunuzi mwambieni asije," akamwambia Bakari.

Nililitengeneza hapo hapo uani kwake, na Fundi Hoza alikuja kunishikia upande wa pili wa futi. Ganda la mkiani tulipata jingine. Lori likiwa chini kwenye magurudumu yake, magunia thelathini mgongoni, na Mzee Mhina mwenyewe kwenye kiti chake, kofia kichwani, tukapima. Tukakata. Safari hiyo hapakuwa na dua wala mbuzi. Akaliwasha, akalipitisha lile korongo, na mimi nilikaa pembeni yake nimeshika mlango kwa mikono miwili. Tulipofika Korogwe sokoni alizima mashine, akasema, "Asumani, nina njaa." Nikamnunulia pilau. Lori halikuuzwa. Aliliendesha mpaka macho yalipomkatalia, na hilo si kosa la fundi.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Gia boksi yako funga, usiogope, kazi hiyo nzuri na utaiweza, una mikono mizuri kuliko yangu. Lakini usikate kitu kwa kipimo cha gari lililoning'inia. Lishushe, lipakie mzigo wake wote, mweke mwenye gari kwenye kiti, ndipo uchukue futi. Na si lori tu. Ukitaka kuoa, ukitaka kuahidi, ukitaka kusema hii kwangu ni kama kunywa chai, jipime siku umebeba mzigo, usijipime siku umepumzika. Na dua waambie isubiri. Mwenyezi Mungu hakasiriki ukichelewa kwa ajili ya kupakia magunia.

Na ukikosea, maana utakosea, toka chini ya gari useme ulichokiona huko chini. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao. Mimi nilichelewa wiki nzima, na wiki hiyo mtu mmoja alikaa nyumbani kwake akiamini mguu wake umekufa.

Mwenyezi Mungu ayabariki macho yako na mikono yako, akuepushe na moto wa kuchomelea na chuma kinachodondoka. Akupe wateja wenye subira na mwalimu asiyekuogopa. Na siku utakayotoka chini ya gari watu wote wakikutazama, akupe ulimi ambao mimi sikuwa nao siku ile. Amina. Sasa nenda kapakie lori.