Kiti cha Mlangoni

Jana nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikamkuta binti yangu akimwandikia mtu kwenye simu.

"Unaongea na nani?"

"Ni beshte tu, mum. Rafiki tu."

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mtaani Tassia. Mama alikuwa kiwandani, Industrial Area. Sheria yake ilikuwa moja: msimfungulie mtu mlango. Basi nilikaa pale mlangoni kulinda, harufu ya samaki wa omena wa jirani ikipenya chini ya mlango. Dada yangu Atieno alilala kitandani na simu ya zamani ya mama, akimjibu rafiki mpya wa mtandaoni: shule gani, tunaishi ploti gani, mama hurudi saa ngapi. Nilimwonea wivu.

Mama aliporudi akayasoma yale majibu. Hakumpiga mtu.

"Na mlango mlifunga," alisema polepole.

Akaweka kiti mlangoni, akakaa hadi giza likaingia, viatu vya kazi bado miguuni. Nilidhani amenikasirikia kwa kulinda vibaya. Kumbe aliogopa.

Jana nami nilivuta kiti, miguu ikiniuma. Sikukipeleka mlangoni. Nilikiweka kando ya binti yangu.

"Hebu nionyeshe huyo beshte."