Kapu la Mashuka kwenye Geti la Nyuma la Ikulu Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini katika Ikulu ndogo, huku kwetu Shinyanga, nilipokewa na watu watatu. Nawataja maana ndio niliodumu nao. Bwana Lukuba, msimamizi wa nyumba, ambaye mkewe tuliimba naye kwaya. Mzee Ng'wandu wa bustani, mjomba wa marehemu mume wangu, ndiye aliyenitafutia kazi. Na Koplo Shija wa getini, kijana wa Runzewe, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Mimi ni Kabula, Mama Masanja, mzaliwa wa Didia. Shule niliishia darasa la nne, mtanivumilia.

"Kabula," Bwana Lukuba aliniambia siku hiyo, "humu ndani ingia na mikono tu. Mdomo uache getini."

Kazi yangu ilikuwa udobi na kutandika. Shuka la Ikulu linatiwa wanga, yaani uji mwepesi wa muhogo uliochujwa. Likikauka unalinyunyizia maji, unalipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Pasi zetu zilikuwa za mkaa. Moshi wake ndio ulioniharibu macho, yakawa mekundu hadi leo. Nanyi wa huku mnajua mwanamke mwenye macho mekundu anaitwaje: mchawi. Shangazi yangu Minza alikatwa mapanga pale Didia kwa macho kama haya, naye kosa lake ni kupikia kinyesi cha ng'ombe, kuni hana.

Nyumba yenyewe ni ya zamani. Ikulu ni neno letu sisi. Bibi yangu akilitamka alimaanisha kwa mtemi. Na pale palikuwa kwa mtemi kweli, kabla bwana DC, Mzungu, hajajenga nyumba ya mawe juu ya msingi ule ule. Mzungu alipoondoka wakaanza kuja marais, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuwahi kuzungumza nao. Niliwajua kwa mito: huyu anataka mgumu, huyu miwili, huyu hataki kabisa. Akija rais mwingine godoro linabadilishwa, sisi tunabaki.

Sasa kuna safari moja, rais mpya anakuja kwa mara ya kwanza, alale kwetu kisha aende Geita kwenye migodi. Watu wa usalama walitangulia, wakalala humo, wakapekua kila chumba. Wakishapekua, hakuna kinachoingia wala kutoka bila kukaguliwa. Asubuhi yake nikafungua stoo ya mashuka, chumba kidogo chenye joto kwa sababu ya tangi la maji ya moto. Juu ya mashuka ya rais alikuwa amejikunja chatu, mnene kama mkono wangu.

Niliwaza: wataniuliza funguo ya stoo anayo nani, na ninayo mimi. Kisha wataniangalia macho. Hata wakiniachia wao, Didia hawataniachia.

Mzee Ng'wandu alikuwa koridoni akipanga maua. Nilimvuta shati. Yeye alikuwa muyeye, mmoja wa wale wanaocheza ngoma na nyoka, na wao hawaui nyoka.

"Nyamaza, mayu, mama yangu," akanong'ona. "Huyu ndiye mwenyeji. Alikuwepo tangu kwa mtemi. Amekuja kumwona mgeni."

"Mwenyeji gani, baba? Watasema nimemfuga mimi!"

"Basi lete kapu."

Alimshika taratibu kama anayembeba mtoto aliyelala, akamlaza kapuni, nikamfunika mashuka. Mtu wa bustani akibeba mashuka atashangaza. Nikajitwisha mwenyewe. Bwana Lukuba akaita toka sebuleni, "Kabula, chumba bado tu? Unasuka hayo mashuka?" Nikajibu naja. Kichwani nilisikia uzito ukihama polepole, toka upande huu kwenda ule.

Kwenye geti la nyuma alisimama Koplo Shija, na pembeni yake bwana mmoja wa usalama aliyevaa miwani nyeusi.

"Shusha. Kuna nini?" akauliza yule wa miwani.

"Mashuka machafu, baba."

"Mgeni hajafika, machafu yametoka wapi?"

Mdomo ukajisemea wenyewe: "Si mliyolalia ninyi jana, baba."

Yule bwana akacheka, ila hakutikisa kichwa niende. "Koplo, kagua."

Shija akainama, akapenyeza mkono chini ya mashuka. Mkono ukasimama. Akanitazama, akayatazama macho yangu.

"Yamelowa tu, afande," akasema. "Mama, peleka ukaanike."

Mzee Ng'wandu alinifuata baadaye, akamwachia chatu kwenye mawe nyuma ya nyumba za watumishi. Nikarudi kutandika. Rais alilala, akaamka, akaenda Geita. Koplo Shija alihamishwa baadaye, na hatukuwahi kulisemea neno.

Nimestaafu, nakaa Kahama kwa mwanangu Masanja. Ameninunulia miwani nyeusi. Nikienda sokoni siivui. Ninyi mnaoanza kazi hizo leo mna mashine na pasi za umeme, macho yenu yatabaki meupe, nami nafurahi.

Kama nimekosea jina au mahali, nisahihisheni. Bwana Lukuba na Mzee Ng'wandu wameshatangulia. Amebaki Shija, kama yu hai. Shija, baba, hili nisahihishe wewe: mkono wako ulisimama kweli, au ni woga wangu tu? Maana mashuka yale yalikuwa makavu.