Yusta na Swali la Askofu

Yusta wa Mgwashi, muuza mapeasi, aliishia darasa la saba, lakini rufaa ya mdogo wake aliisimamia mwenyewe. Alen, mgonjwa wa akili tangu utotoni, alifungwa baada ya kukiri kwamba alichoma ghala. Sokoni wakamcheka: "Dada Yusta, siku hizi wakili wa matunda?"

Siku ya rufaa akaomba ruhusa. "Mheshimiwa Jaji, huyu kila mkubwa humwitikia ndiyo. Hebu muulize kama yeye ni askofu."

Jaji akamuuliza.

"Ndiyo, shikamoo," akajibu Alen.

Watu wakaangua kicheko, Yusta hakucheka. Jaji akafuta hukumu, akaagiza Alen apimwe akili kwanza, kabla ya kesi kusikilizwa upya.

Yusta akarudi sokoni kifua mbele. "Wakili wa matunda nimefika," akasema. "Nani mwingine ana kesi?"